Kuingiza jeni kwenye mpunga kwa agrobakteria: mwongozo kamili kwa maabara za Arusha na Moshi

Malalamiko yanayotufikia yanafanana. Kalusi (donge la seli za mmea linaloweza kuotesha mche) ilikuwa nzuri, agrobakteria (bakteria wa udongo wanaohamisha jeni kwenda kwenye mimea) walikuwa hai, kila kitu kilifuatwa, lakini siku ya tano baada ya kuosha sahani nzima imefunikwa na utelezi mweupe. Au kinyume chake: sahani ni safi kabisa, na baada ya mwezi kila kitu kimekuwa kahawia bila chipukizi hata moja.

Wengi hulaumu dawa ya kuua bakteria. Mara nyingi kosa lilifanyika siku tatu kabla dawa haijaguswa: kalusi ililazwa na bakteria ikiwa bado ina maji, au ililazwa kwenye joto lisilofaa. Kazi hii ina joto la aina mbili. Kalusi ya mpunga inataka nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi. Bakteria anapohamisha jeni anataka nyuzi 25 au chini yake. Mwenye kabati moja la joto lililowekwa namba moja mwaka mzima atashindwa upande mmoja au mwingine.

Tumechagua mpunga kwa sababu ndiyo nafaka rahisi zaidi kuanzia: kalusi hutolewa kwenye mbegu kavu iliyokomaa, wakati wowote wa mwaka. Mahindi yanadai viinitete vichanga vya milimita 1.5 hadi 2, yaani uwe na mimea inayochanua kila unapotaka kufanya kazi. Mtama nao hutoa rangi nyeusi ndani ya media (chakula cha kuoteshea) na kujiua wenyewe. Jifunze kwenye mpunga kwanza.

Kabla ya kununua chochote: kibali

Kazi ya kubadili jeni za mimea Tanzania iko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za mwaka 2009, na Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo msimamizi mkuu wa masuala haya. Kamati ya usalama ya taasisi yako ipitishe kazi kabla bakteria hajafunguliwa. Mwongozo huu ni wa maabara na nyumba ya mimea iliyofungwa tu.

Msilichukulie hili kama karatasi za ofisini. Mpunga hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini mpunga mwitu wa Afrika, *Oryza longistaminata*, unaota nchini kwetu na unaweza kupokea chavua. Mche mmoja uliotolewa nje "upate jua" unatosha kuharibu kazi ya watu wengi.

Mahitaji

Vifaa:
- Kabati la hewa safi, otoklevu (chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha), na makabati mawili ya joto. Moja likae nyuzi 30, la pili liweze kushuka na kukaa nyuzi 22 hadi 25.
- Spektrofotomita ya kupima mawingu ya bakteria kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 600.
- Sahani za petri za milimita 90, vibano, kitanzi cha waya, karatasi za chujio zilizochemshwa kwenye otoklevu, vichujio vya mikromita 0.22 kwa dawa zisizovumilia moto.
- Plasta ya karatasi ya hospitali ya kufungia sahani. Inazuia vumbi na kuruhusu hewa.

Viumbe:
- Mbegu za mpunga za msimu uliopita, zikiwa na maganda. Kwa kujifunza tumia Nipponbare au Kitaake, aina za kundi la japonika. Aina za kundi la indika ni ngumu zaidi. Mbegu za mashamba ya Chekereni au Mabogini, SARO 5 ikiwemo, zipimwe kwanza kama zinatoa kalusi na kama kalusi hiyo inachipua, kabla ya kuingiza jeni yoyote.
- Agrobakteria aina ya EHA105 mwenye plasmidi (DNA ya duara inayobeba jeni) iitwayo pCAMBIA1301. Plasmidi hii ina jeni ya kustahimili haigromaisini (dawa inayoua seli zisizo na jeni hiyo) kwa ajili ya mchujo, na jeni ya GUS inayotoa rangi ya buluu. Jeni hiyo ya GUS imewekewa introni (kipande ambacho seli ya mmea hukiondoa lakini bakteria hawezi), kwa hiyo bakteria mwenyewe hawezi kuitumia. Ukiona buluu, imetoka kwenye seli ya mpunga.

Dawa na virutubisho:
- Unga wa N6 na unga wa MS (michanganyiko ya chumvi za kulishia seli za mimea) pamoja na vitamini zake, sukrosi, glukosi, sorbitoli, prolini, kasamino (mchanganyiko wa asidi amino), Phytagel ya kugandisha media.
- 2,4-D (homoni ya kuotesha kalusi), safi ya maabara. Ni kemikali ileile inayouzwa kama kiuagugu, lakini chupa ya duka la pembejeo ina chumvi na viambato vingine. Usiitumie.
- NAA na kinetini (homoni za mimea), asetosiringoni (fenoli ya kuamsha bakteria), na antibiotiki haigromaisini, kanamaisini na rifampisini.
- Sefotaksimu, antibiotiki ya kuua agrobakteria akishamaliza kazi. Vichupa vya sindano vya gramu 1 vya duka la dawa vinafaa. Yeyusha gramu 1 kwa mililita 4 za maji safi upate miligramu 250 kwa mililita.

Tumia maji yaliyotoneshwa kwa kila kitu. Maji ya bomba na visima vya upande wa Meru yana madini mengi, floraidi ikiwemo, na yatavuruga media.

Otoklevu na mwinuko wetu

Sehemu hii haimo kwenye maelekezo ya makopo ya media, kwa sababu yaliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari.

Mvuke huua spora vizuri ukifika nyuzi 121, na hapo presha halisi ni takriban kilopaskali 205. Geji ya kawaida husoma tofauti kati ya ndani na nje tu. Pwani hewa ya nje ni 101, hivyo geji ikisoma 103 (ratili 15 kwa inchi ya mraba) umefika. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, hewa ya nje ni takriban 86. Geji ikisoma 103, ndani una nyuzi 118 tu. Moshi, iliyo chini zaidi, unapata kama nyuzi 119.

Kwa hiyo fuata kipimajoto, usifuate geji. Otoklevu yenye uwezo ipandishe hadi kilopaskali 119 hivi Arusha, au 113 Moshi, ikiwa tu mtengenezaji ameruhusu presha hiyo. Kama una chungu cha presha chenye vali ya ratili 15, usiiguse vali. Ongeza muda: dakika 30 badala ya 20 kwa chupa za nusu lita.

Ishara ya mafanikio: media tupu iliyokaa siku tano kwenye nyuzi 30 bila ukungu wala doa. Fanya jaribio hili kwa kila mafungu mapya kabla ya kuweka mbegu.

Media tano

Vipimo vyote ni kwa lita moja. Unga wa N6 au MS pima kama pakiti inavyosema kwa lita.

1. *Media ya kalusi:* N6, sukrosi gramu 30, prolini gramu 2.8, kasamino gramu 0.3, 2,4-D miligramu 2, Phytagel gramu 4, pH 5.8.
2. *Media ya kulazia pamoja:* kama ya kwanza, ongeza glukosi gramu 10, shusha pH hadi 5.2. Baada ya kutoka kwenye otoklevu na kupoa hadi nyuzi 50, weka asetosiringoni mikromoli 100. Tengeneza pia mililita 200 za aina hii bila Phytagel, za kuchanganyia bakteria.
3. *Media ya mchujo:* kama ya kwanza, pamoja na haigromaisini miligramu 50 na sefotaksimu miligramu 250.
4. *Media ya kuchipusha:* MS, sukrosi gramu 30, sorbitoli gramu 30, kasamino gramu 2, kinetini miligramu 2, NAA miligramu 0.02, Phytagel gramu 4, pH 5.8, pamoja na dawa mbili za mchujo kwa viwango vilevile.
5. *Media ya mizizi:* MS nusu, sukrosi gramu 15, Phytagel gramu 3, haigromaisini miligramu 30, sefotaksimu miligramu 250, bila homoni.

Asetosiringoni: yeyusha miligramu 19.6 kwenye mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi), kisha tumia mililita 1 ya myeyuko huo kwa lita. 2,4-D haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Ianze kwa matone machache ya ethanoli, ndipo uongeze maji.

Dawa zote za kuua bakteria ziingie media ikiwa imepoa kiasi cha kushikika kwa mkono bila kuungua. Ukizitia kwenye media ya moto umezitupa. Sahani zenye sefotaksimu zikae kwenye friji, zitumike ndani ya wiki mbili au tatu. Haigromaisini ni sumu kwa mtu pia: vaa glavu na miwani.

Hatua ya 1: Kukoboa na kusafisha mbegu (siku ya 0)

Koboa kwa mkono, punje moja moja, kwa kucha au kwa kusugua taratibu kati ya vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa mpira. Mchele wa mashine haufai hata kidogo. Mashine hung'oa kiinitete, na kalusi yote inatoka hapo.

Shika punje mwangani. Kwenye ncha iliyokuwa na kikonyo, upande mmoja, utaona kidoa cheupe kilichozama kidogo, kama kichwa cha pini. Hicho ndicho kiinitete. Punje yenye kidoa cheusi au shimo mahali hapo itupe. Chagua punje 120.

Ziloweke kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 1. Mwaga, kisha tia jiki iliyopunguzwa hadi asilimia 2.5 ya hipokloriti pamoja na tone la sabuni ya maji. Soma kiwango kwenye chupa: kama imeandikwa 3.5, changanya sehemu tano za jiki na mbili za maji. Tikisa dakika 20. Suuza kwa maji safi ya otoklevu mara tano, kisha zikaushe kwenye karatasi ya chujio.

Mbegu za shambani zilizovunwa wakati wa mvua hubeba ukungu ndani ya ngozi ya punje. Hizo rudia jiki mara ya pili kwa maji mapya. Kuongeza ukali wa jiki hakusaidii, kunaua kiinitete.

Hatua ya 2: Kutoa kalusi (siku ya 0 hadi 21)

Panga punje 12 kwa sahani, kiinitete kikitazama juu na kikigusana na hewa. Kikizama kwenye media kinatoa mzizi zaidi ya kalusi. Funga kwa plasta, weka gizani kwenye nyuzi 30.

Hapa Arusha ndipo watu wanapopoteza wiki. Mwezi wa sita hadi wa nane usiku ni baridi kali, na chumba kisicho na kabati la joto kinashuka chini ya nyuzi 15. Mbegu haifi, ila kalusi inachelewa, na inapokuja ni laini yenye maji. Umeme ukikatika usiku wa Julai usifungue kabati. Lifunike kwa blanketi na uache hadi urudi.

Siku ya 5 hadi ya 7 chipukizi litakuwa limetoka. Likate kwa kibano na ulitupe. Siku ya 21 tazama uvimbe uliozunguka kiinitete, kwenye ngao yake (sehemu yake bapa). Utaona aina mbili. Moja ni ya njano hafifu, kavu kwa macho, imejaa vinundu vya duara vinavyoachana ukivigusa. Ya pili inang'aa, ni laini, ina rangi ya maji, na inashikamana na kibano kama uji. Chukua ya kwanza tu.

Uchaguzi huu ni nusu ya kazi yote. Kalusi ya maji hupokea jeni, unaweza hata kuiona ya buluu, lakini haichipui. Ukiwa na vinundu 80 vizuri na 400 vya hivi hivi, endelea na 80.

Hamisha vinundu vya milimita 2 hadi 3 kwenye media mpya ya kalusi siku nne kabla ya kuambukiza. Agrobakteria huhamisha jeni vizuri kwenye seli zinazogawanyika, na kalusi iliyokaa wiki tatu kwenye media ileile imeshapunguza kasi. Isizidi pia wiki sita tangu mbegu ilipowekwa, maana kalusi nzee hutoa miche myeupe na tasa.

Hatua ya 3: Kuandaa bakteria (anza siku 3 kabla)

Chora bakteria kutoka akiba ya gliseroli kwenye sahani ya LB (chakula cha bakteria) yenye kanamaisini miligramu 50 na rifampisini miligramu 25 kwa lita. Weka nyuzi 28 kwa siku mbili hadi tatu. Ukiweka nyuzi 37 kama unavyofanya kwa *E. coli*, wataota vibaya na wanaweza kupoteza plasmidi inayofanya kazi ya kuhamisha.

Siku ya kazi, kwangua bakteria kwa kitanzi na uwakoroge kwenye media ya kulazia isiyo na Phytagel, yenye asetosiringoni. Koroga hadi pasiwe na chembe. Pima kwa spektrofotomita: usomaji uwe 0.1. Kwa macho ni kama maji ya kuoshea mchele mara ya tatu, lakini macho yasichukue nafasi ya kipimo. Wacha dakika 30 kwenye joto la chumba.

Sababu ya asetosiringoni ni hii. Bakteria huyu kwa asili huvamia mimea ya majani mapana iliyojeruhiwa, na hutambua jeraha kwa harufu ya kemikali za fenoli. Mpunga hutoa kidogo mno. Bila kumpa fenoli wewe mwenyewe, pamoja na sukari na pH ya 5.2, hawashi jeni zake za kuhamisha. Atakaa juu ya kalusi akila tu. Kusahau asetosiringoni, au kuitia kwenye media ya pH 5.8, kunatoa matokeo yanayofanana: buluu kidogo sana au sifuri.

Bakteria wengi si faida. Ukipima 1.0 "ili jeni ziingie nyingi", utajaza utelezi na kalusi itageuka kahawia.

Hatua ya 4: Kuambukiza na kukausha

Kusanya vinundu kwenye sahani tupu, mimina mchanganyiko wa bakteria vizame, zungusha taratibu kwa dakika 2. Mwaga kwenye chombo cha taka kitakachoingia otoklevu. Usimwage kwenye sinki.

Sasa pumzisha mikono, maana hatua inayofuata ndiyo inayoangusha wengi. Tandaza vinundu juu ya karatasi mbili za chujio. Baada ya dakika 2 karatasi itakuwa imelowa. Vihamishie kwenye karatasi nyingine kavu. Halafu nyingine. Tumia karatasi tatu hadi nne.

Utajuaje vimekauka? Inamisha sahani chini ya taa. Kinundu chenye maji kina alama ya kung'aa juu yake, kama jicho. Kinundu kilichokauka ni butu, kama unga wa njano, na ukikiviringisha kwenye karatasi hakiachi alama ya unyevu. Maji yaliyobaki katikati ya vinundu ndiyo kitalu cha bakteria. Hakuna kiasi cha sefotaksimu kitakachoyafikia kesho kutwa.

Usivuke mpaka lakini: kuviacha wazi kwenye upepo wa kabati zaidi ya dakika 15 kunaviua.

Hatua ya 5: Kulaza pamoja (siku 3, gizani)

Weka kipande cha karatasi ya chujio juu ya media ya kulazia, kiloweshe kwa nusu mililita ya media ya maji, kisha panga vinundu juu yake bila kugusana. Karatasi hii inanyonya ziada na kurahisisha kuvitoa.

Nyuzi 25, si zaidi. Jeni za bakteria za kuhamisha hulegea kadiri joto linavyopita nyuzi 28, na wakati huohuo yeye mwenyewe anaendelea kuzaana. Kwa hiyo joto likizidi unapata hasara mara mbili: bakteria tele, uhamisho kidogo. Moshi kuanzia Januari hadi Machi joto la chumba mchana linapita nyuzi 30, na "joto la chumba" la kwenye karatasi za Ulaya halipo. Kabati lako lazima liweze kupoza. Kama halipozi, panga hatua hii ifanyike miezi ya baridi, au utafute maabara yenye kabati la kupoza kwa siku hizo tatu tu.

Siku ya pili kagua bila kufungua. Ukungu mwepesi kuzunguka kinundu ni sawa, unaonekana kama pumzi kwenye kioo. Ukiona duara nene linalotiririka, usingoje siku ya tatu, osha siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kuosha na kupima buluu

Tia vinundu kwenye chupa yenye maji safi, tikisa kwa nguvu, mwaga. Rudia hadi maji yawe maangavu kabisa, mara tano au zaidi. Maji ya mwisho yawe na sefotaksimu miligramu 500 kwa lita, yakae dakika 20. Kisha kausha tena kwa umakini uleule wa hatua ya 4.

Kama umetumia AGL1 badala ya EHA105, jua kwamba AGL1 anastahimili kabenisilini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Kumuosha kwa dawa hiyo hakutamfanya kitu. Baki na sefotaksimu.

Chukua vinundu 15 na uvitie kwenye X-Gluc (kemikali inayogeuka buluu palipo na GUS), nyuzi 37, usiku kucha. Madoa ya buluu kwenye vingi vyao yanaonyesha kwamba uhamisho umefanyika. Kama hakuna doa hata moja, usipoteze miezi mitatu kwa mafungu haya. Rudi kwenye asetosiringoni, pH, joto, na umri wa kalusi, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 7: Mchujo (wiki 4)

Panga vinundu 16 kwa sahani kwenye media ya mchujo, gizani, nyuzi 30. Kila kimoja kiwe na nafasi na namba yake. Baada ya wiki mbili hamishia kwenye media mpya.

Weka sahani mbili za kulinganishia, zote za kalusi isiyoambukizwa. Moja haina haigromaisini: lazima iendelee kukua. Nyingine ina haigromaisini: lazima ife. Ya pili isipokufa, dawa yako ni dhaifu na kila "mafanikio" utakayoyaona ni ya uongo.

Wiki ya pili sahani itakukatisha tamaa. Karibu kila kitu kinakuwa kahawia. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Wiki ya tatu na ya nne, pembeni ya kinundu kilichokufa, utaona chembe za njano angavu zikijitokeza. Zikifika milimita 2, zitenge na mama yake aliyekufa na uendelee nazo peke yake.

Chembe zote zilizotoka kwenye kinundu kimoja zihesabu kama tukio moja (uingizaji mmoja wa jeni), hata zikiwa tano, mpaka vipimo vya DNA viseme vingine.

Utelezi ukirudi kwenye kinundu kimoja, kitoe pamoja na majirani zake, uvioshe upya na kuvikausha. Ukirudi sahani nzima, tupa. Kuokoa sahani ya namna hiyo kunakula wiki na mara chache kunazaa mche.

Hatua ya 8: Kuchipusha (wiki 3 hadi 5)

Kabla ya kuhamisha, weka chembe za njano kwenye sahani tupu yenye karatasi ya chujio kavu, uifunge, uiache saa 24 hadi 48. Ukavu huu wa muda huamsha uchipuaji, hasa kwa aina za indika.

Kisha ziweke kwenye media ya kuchipusha, nyuzi 28, mwanga saa 16 kwa siku. Madoa ya kijani huonekana kwanza, kisha majani. Miche myeupe itatokea pia. Haitaishi, itoe.

Kalusi ikitoa mizizi yenye nywele bila majani, mara nyingi 2,4-D ilibaki nyingi ndani yake. Ihamishie kwenye media mpya ya kuchipusha baada ya siku 10.

Hatua ya 9: Mizizi na kuzoesha

Miche ya sentimita 3 iende kwenye media ya mizizi kwa siku 10 hadi 14. Mche wenye jeni hutoa mizizi mirefu inayopenya chini. Ulioponyoka mchujo unabaki na vishina vifupi vya mizizi juu ya media, majani yakianza kunyauka.

Toa mche, osha Phytagel yote kwa maji ya vuguvugu, maana ikibaki huoza na kuvuta ukungu. Simamisha mizizi kwenye maji yenye virutubisho vya MS robo kwa siku tatu, ndipo upande kwenye ndoo ya udongo wa mfinyanzi uliochemshwa, wenye maji ya kusimama sentimita 2. Funika kwa mfuko wa plastiki. Fungua pembe moja siku ya tatu, mbili siku ya tano, ondoa siku ya nane. Hewa ya Arusha ni kavu, na mche uliotoka kwenye chupa hauna nta ya kutosha kwenye majani. Ukifunuliwa siku ya kwanza, jioni umelala.

Panga kalenda mapema. Mpunga ukipata usiku wa chini ya nyuzi 18 wakati masuke yanajiumba, chavua huwa tasa na unapata makapi. Miche inayoingia ndooni mwezi wa nne Arusha itafika hatua hiyo kwenye baridi. Nyumba ya mimea iwe na joto la usiku, au subiri.

Hatua ya 10: Kuthibitisha

PCR (kipimo cha kutafuta kipande cha DNA kwa kukinakili) ya jeni ya haigromaisini peke yake haitoshi. Bakteria wachache waliojificha kwenye shina watatoa jibu la "ndiyo". Pima jeni mbili kwa kila mche: ya haigromaisini, iliyo ndani ya kipande kinachohamishwa, na ya kanamaisini ya plasmidi, iliyo nje ya kipande hicho.

- Ya kwanza ipo, ya pili haipo: mche mzuri.
- Zote zipo: ama bakteria bado wamo, ama uti wa plasmidi umeingia pamoja. Weka kando, pima tena kwenye watoto wake.
- Zote hazipo: umeponyoka mchujo. Uteketeze.

Chukua jani jipya lililoota ndooni. Jani lililotoka kwenye chupa ndilo lenye bakteria zaidi.

Mavuno yakifika, otesha mbegu 40 za mche mmoja kwenye karatasi yenye maji ya haigromaisini miligramu 50 kwa lita, pamoja na mbegu 40 za mpunga wa kawaida. Za kawaida zote zikome kukua. Za mche wako, kama jeni iliingia mahali pamoja, takriban 30 zitaendelea na 10 zitakoma. Zikiendelea karibu zote, jeni iliingia sehemu zaidi ya moja, na ukoo wa mche huo utakusumbua kuufuatilia. Zikigawanyika nusu kwa nusu au chini ya hapo, shuku kuwa jeni inazimwa, au kuwa mche ulichanganyika seli zenye jeni na zisizo nayo, na urudie kwa mbegu za suke jingine.

Mbegu zilizobaki zihesabiwe, ziandikwe namba ya tukio na tarehe, na zifungiwe kwenye kabati lenye kufuli. Ndoo, udongo, majani na makapi yote yapite otoklevu kabla ya kutoka kwenye jengo.